Mzigo wa kuvuka ziwa: kilo nane tu



Tangu turudi kutoka Dar es Salaam, watu wananiuliza jambo moja kwenye robine, sokoni na kwenye mkutano wa likelemba. Nilifikiri wangeuliza bahari inafananaje. Hapana. Wanauliza: "Mulibeba nini?" Na wana haki ya kuuliza, maana sisi sita tuliovuka mwezi wa saba hatukuwa na pesa ya hoteli wala ya wapagazi. Kila mmoja alikuwa ameweka dola 3 kila juma kwa majuma 50, basi. Mwenye dola 150 na safari ya siku 16 anahesabu hata uzito wa sabuni. Kwa hiyo juma hili nimeomba ukurasa huu niwajibu wote mara moja.

Tulibeba kilo 8 kila mmoja. Tulipima kwenye mizani ya mama mmoja muuza ndagala, na aliyezidisha alitoa kitu palepale mbele ya wenzake. Mmoja alitoa pasi ya makaa. Ndiyo, pasi. Alisema hawezi kutembea Dar es Salaam na kikwembe kilichokunjamana. Alitembea nacho kimekunjamana, na hakuna mtu aliyemtazama.

Lakini kabla ya kueleza vilivyomo ndani ya mfuko, niseme juu ya kufunga kwenyewe, maana hapo ndipo kazi kubwa ilikuwa.

Sisi wanawake wa Fizi tunajua sana kufunga mzigo. Mwishoni mwa 1996, vita vilipotoka Uvira na kushuka kando ya ziwa, mimi nilikuwa na miaka 11. Mama alifunga nyumba nzima kwa muda ambao maji yanachemka: sufuria kubwa, vikwembe viwili, unga wa muhogo, jembe bila mpini, na chumvi. Mpini utaukata katika pori lolote, alisema, na majani ya mboga utayachuma, lakini chumvi haioti. Mdogo wangu alikuwa mgongoni mwake. Tulivuka usiku, tukafika upande wa Kigoma, kisha tukapelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka uleule katika wilaya ya Kasulu. Wengi kati yenu mulikuwa huko, ao Lugufu, sina haja ya kuwaeleza foleni ya maji. Mwezi wa kumi 2005 HCR ilianza kuwarudisha watu wetu kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Sisi tulirudi mwaka uliofuata, na sufuria ileile ilishuka nasi pwani.

Nayakumbusha hayo kwa sababu katika nyumba zetu nyingi mfuko uliofungwa hausemi safari. Unasema wamefika karibu.

Mwenzetu mmoja, mshonaji, alikuwa na kazi nyingi za sikukuu, basi alifunga mfuko wake usiku baada ya watoto kulala. Hakumwambia mtu, alitaka tu kupunguza kazi ya kesho. Asubuhi alikwenda kumwamsha mtoto wake wa kiume wa miaka saba, akamkuta amelala na viatu. Amevaa suruali ya shule, shati mbili, na viatu vimefungwa kamba. Mtoto alikuwa ameamka kwenda kukojoa, akaona mama anafunga, akarudi kimya akajitayarisha. Hakulia, wala hakuuliza kitu. Hakuna aliyemfundisha. Nilipoelezwa jambo hilo nilinyamaza muda mrefu, kwa sababu mimi pia nimelala hivyo usiku mwingi.

Mimi nilikuwa nimekata shauri mapema kwamba nitafunga mchana, uani, mlango wazi, na watoto ndio watakaoniletea vitu. Mama yangu anakaa nasi sasa, macho yake hayaoni vizuri. Alisikia nikikunja, akasogea na fimbo yake, akashika kikwembe kwa vidole. Kisha akauliza swali moja tu: "Wamefika wapi?"

Nilimwambia hakuna aliyefika popote, mama, mimi ndiye ninayekwenda. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia maneno ya radio. Akaingia jikoni. Nikamsikia akipapasa mafiga, akigusa kifuniko, akigonga ubavu wa sufuria kubwa kwa mkono. Alikaa huko kidogo, kisha akatoka na kuketi kwenye kiti chake. "Sufuria inabaki?" Inabaki, mama. "Na magodoro?" Yanabaki. "Basi ni safari kweli. Mtu anayekimbia haachi sufuria." Tangu hapo alianza kunishauri kama mtu aliyezunguka dunia yote, na hakuna shauri moja alilolisahau.

Binti yangu mkubwa alichora mistari 16 ya makaa ukutani, na kila jioni mdogo wake alifuta mmoja. Ninawaomba mufanye hivyo, hata kama mwasafiri Uvira tu kwa siku tatu. Mtoto wa Fizi anahitaji kuona mama anafunga mchana, anahitaji kuona vitu vya nyumba vinabaki mahali pake, na anahitaji tarehe. Maneno "nitarudi karibuni" aliyasikia bibi yake pia.

Haya, sasa mfuko.

Tuliacha valizi na mifuko ya kubeba kichwani. Sisi tumezoea kichwa, na kichwa ni kizuri kwa njia ya shamba, lakini boti haijali shingo yako. Unapanda kwa ubao mwembamba, mara nyingine unaingia majini mpaka magoti, na unahitaji mikono miwili: mmoja wa kushika ubao, mmoja wa kushika mwenzako. Kwa hiyo tulinunua mifuko ya mgongoni ya wanafunzi, ya mtumba, iliyo na mikanda mipana. Mikanda ile myembamba inakata mabega. Tulishona upya kila mshono kwa uzi wa nailoni kabla ya kuondoka, na hakuna hata mmoja uliopasuka. Tuliposhuka Kibirizi, pwani ya Kigoma ambapo boti za kwetu zinafikia, vijana walikuja mbio kushika mizigo. Mwenye mfuko mgongoni alipita. Mwenye furushi tatu alilipa mara tatu. Hesabu ni hiyo.

Ndani niliweka vikwembe viwili, blauzi tatu, sketi moja ya kuingilia ofisini, chupi nne, na triko moja nzito. Kuhusu triko wenzangu walinicheka, kwa kuwa Baraka na Kigoma ni joto lilelile, ziwa ni moja, na Dar es Salaam inajulikana kwa jasho. Lakini kati ya Kigoma na Dar es Salaam kuna zaidi ya kilometa 1,200 za reli, na reli inapanda juu kwenye nyanda za Tabora na Dodoma. Mwezi wa saba, saa nane ya usiku, dirisha la behewa la daraja la tatu halifungi vizuri. Hapo walinicheka kwa meno yanayogongana.

Kikwembe sitakisifu sana, mnakijua. Kilikuwa shuka, pazia la kubadilishia nguo, taulo, mto wa kichwa, na siku ya jua kali pale kituoni kilikuwa nyumba ya watu watatu. Beba viwili, kimoja kikiwa kimelowa uwe na kingine. Cha tatu ni cha zawadi, maana huko kitenge cha Kongo kinaheshimiwa, na mgeni mwenye kitenge kizuri cha kumpa mwenyeji analala vizuri.

Vitambaa vya siku zetu za mwezi: wamama, bebeni, hata kama mwadhani tarehe haijafika. Safari inachezea tarehe. Vile tunavyoshona kwenye chumba chetu cha kazi, vya safu tatu za pamba, ni vyepesi na vinafuliwa. Chukua sita, na kifuko cheusi cha vile visivyokauka. Vinapaswa kukauka juani kabisa, si chini ya godoro, hata kama mwenye nyumba ni mwanaume na unaona haya. Tandaza kanga juu yake, hakuna atakayejua.

Vifuko vyenyewe tulishona kwa mabaki ya vitenge. Hilo halikuwa pambo. Tanzania ilikataza mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 mwezi wa sita 2019, na msafiri anayeshuka na sashe za sokoni kwetu, zile nyeusi za kufungia kila kitu, anaambiwa aziache. Basi kila mmoja alikuwa na vifuko vitano vya kamba, kila kimoja na rangi yake. Usiku ndani ya treni bila taa unapapasa tu, unajua hiki ni cha dawa.

Karatasi hazikai kwenye kitambaa, kwa sababu ziwa linarusha maji. Tuliziweka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, lile la kuwekea chakula, na kopo lilikuwa juu kabisa ya mfuko, si chini. Humo kulikuwa na pasi ya kusafiri, nakala yake, kadi ya uchaguzi, na karte jone, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kongo ni nchi yenye homa hiyo, kwa hiyo Tanzania inaidai. Kuna mama alitaka kulipia sindano ya pili kwa kuwa kadi yake imepita miaka kumi. Asilipe. Tangu mwezi wa saba 2016 chanjo hiyo inahesabiwa ya maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Nakala nyingine ya kila karatasi tuliiacha nyumbani pamoja na majina ya boti, ya wenzetu wa safari, na ya mtu wa kupigia simu. Hili pia ni la 1996: watu walipotezana kwa sababu hakuna aliyejua nani yuko na nani.

Pesa. Mshonaji wetu alishona mfuko wa siri ndani ya taiti, upande wa paja, na kifungo. Tuligawa pesa mahali patatu, kamwe si pamoja. Munajua jinsi kwetu dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha inavyokataliwa. Upande wa pili wanatazama pia umri wa noti: za zamani sana wanazishusha bei ao wanazikataa. Chagueni safi na mpya, muziweke bila kukunja katikati ya kijitabu. Na mubadilishe kidogo kidogo katika duka lenye kibali. Mmoja wetu alibadilisha pwani kwa kijana mwenye maneno matamu, akahesabiwa haraka haraka, na elfu kumi ikayeyuka. Kijana naye akayeyuka.

Sasa jile ya kuogelea. Hii haikuhesabiwa katika kilo 8, na nitagombana na yeyote anayetaka kuipima. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa. Kutoka Baraka mpaka Kigoma ni karibu kilometa 100 kwa njia ya ndege, na boti haiendi kwa njia ya ndege. Boti nyingi za mizigo zinachukua watu juu ya magunia, na jile zikiwepo hazitoshi. Tulinunua zetu sita, za mtumba, tukazijaribu majini asubuhi moja hapa pwani, huku wavuvi wakitucheka mpaka wakashika mbavu. Mbili zilizama na kurudi polepole. Hizo tulizirudisha kwa muuzaji. Nawaambia jaribuni, jile inaweza kuwa na rangi nzuri na ndani imeoza. Na kibido kitupu cha lita 5 kinaelea, ni kweli, lakini hakichukui nafasi ya jile. Vivaeni kabla ya kupanda, si mawimbi yakianza.

Kiangazi upepo wa kusini una nguvu. Nahodha alikataa kuondoka siku tuliyopanga, tukangoja mpaka kesho yake. Abiria wengine walimtukana. Mimi nilimnunulia chai.

Dawa na usafi sitazikawilia. Sisi wa Fizi na Uvira kolera tunaijua. Kila mmoja alibeba kibido kidogo cha maji yaliyochemshwa, kipande cha sabuni, na vifuko vinne vya SRO. Dawa za presha za mwenzetu mmoja zilibaki ndani ya pakiti yake na karatasi ya daktari, zisiulizwe. Anayenyonyesha na anataka kwenda na mtoto, abebe karatasi ya kuzaliwa ya mtoto na ruhusa iliyosainiwa na baba ao na aliyebaki na haki hiyo. Bila hizo unaweza kuzuiwa na mtoto wako mwenyewe mgongoni.

Vitu ambavyo mmoja anatosha kwa wote, tuligawana: mkasi, sindano na uzi, taa, sufuria ndogo, kisu, chaja. Kuhusu chaja, jueni kwamba matundu ya umeme ya huko yana miguu mitatu ya mraba, zetu za miguu miwili ya mviringo haziingii. Tulinunua kiunganishi kimoja Kigoma, simu sita zikangoja zamu kama watoto kwenye mlo. Na kitu ambacho hatukugawana, kwa sababu hakuna aliyefikiri mwingine atakileta, ni pilipili. Tulifungua mifuko Kigoma: chupa sita.

Chakula musibebe kingi. Tulichukua mihogo ya kuchemsha, karanga na mayai kwa ajili ya boti na siku ya kwanza ya treni. Baada ya hapo kila kituo kikubwa wanawake wanakuja chini ya madirisha na ndizi, kuku, wali, na Tabora wanaleta asali yao. Unanunua kidogo unachokula. Ndagala kavu acheni nyumbani. Ninazipenda kama ninyi, lakini behewa lenye watu themanini lina maoni yake.

Saa ya huko inatangulia yetu kwa saa moja. Ikiwa kwetu ni saa mbili, kwao ni saa tatu, na treni inaondoka kwa saa yao. Kiswahili chao tulikielewa, hata kama walitabasamu tuliposema bugali na mafranga. Mtoto mmoja wa kituoni alituuliza kama sisi ni wakimbizi. Mwenzangu mshonaji alimjibu, "Hapana, baba. Sisi ni watalii." Alicheka yeye mwenyewe mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikageuka dirishani kwa sababu yangu yalikuwa yametangulia.

Mliouliza kama tuliiona Nyarugusu: hapana, ni mbali na reli, na kuingia kambini kunataka kibali. Kigoma tuliiona. Nilisimama pwani ambapo nilishuka nikiwa na miaka 11, na mfuko wa kilo 8 mgongoni, na tiketi ya kurudi.

Tulirudi na kilo nyingi kuliko tulivyokwenda, si ajabu: vifungo na zipu za Kariakoo kwa ajili ya chumba cha kushonea, uzi wa rangi ambazo Baraka hatuzipati, na chupa ya maji ya bahari ambayo binti yangu aliomba aonje. Alionja. Alitema mate jioni nzima. Wa mwisho kati ya mistari ya makaa ulikuwa umefutwa asubuhi ileile.

Kikundi cha pili kinaanza kuweka akiba juma linalokuja, siku ya ine, baada ya mkutano, dola 3 kama sisi. Nafasi ni nane. Mifuko ya mgongoni minne na jile zote sita zinaazimwa bure, mradi zioshwe kwa maji matamu na kukaushwa kivulini. Mizani ya mama wa ndagala ipo.

Mama yangu amejiandikisha. Tulimwambia macho yake hayaoni vizuri, akajibu kwamba mara ya kwanza alivuka usiku na hakuona kitu, kwa hiyo si tofauti. Ametuma niulize wahusika kama katika zile kilo nane chumvi inahesabiwa.